Istilahi za Bastola Ndogo: Kuzoesha Chombo Kipya na Kutambua Hitilafu Zake

Vijitabu vya maelezo ya silaha ni miongoni mwa maandishi ambayo mfasiri hupewa kwa nadra, lakini akipewa hana nafasi ya kukosea. Neno lililopotoka katika kijitabu cha redio humfanya msomaji apoteze muda. Neno lililopotoka katika kijitabu cha bastola laweza kupoteza roho ya mtu. Zaidi ya hayo, istilahi hizi hazikai tena ghalani kwa askari peke yao. Tanzania ilitunga mwaka 2015 sheria mpya ya udhibiti wa silaha na risasi, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yakakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Maneno haya basi humfikia karani, hakimu, askari wa wanyamapori na mwalimu wa mafunzo, na kila mmoja wao anastahili kuyaelewa kwa maana moja.

Katika makala haya tunakusudia kuzieleza dhana zinazohusu bastola ndogo ya kujipakia yenyewe inapokuwa mpya: namna inavyozoeshwa, hitilafu zinazojitokeza, na namna ya kutafuta sababu zake. Tutaanza na dhana, kisha tutafute neno. Kwa maana mfasiri anayeanza na neno la kigeni na kulitafutia mwenzake katika kamusi, aghalabu hupata neno na kuikosa maana.

Neno "risasi" na matatizo yake

Neno hili tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni madini ya risasi, yaani yale mazito na laini yanayoyeyuka upesi. Katika Kiswahili maana hiyo ingalipo, lakini zimeongezeka nyingine tatu: kitu kizima kinachotiwa ndani ya bunduki, kipande kinachoruka na kupiga shabaha, na mlio au pigo lenyewe, kama tusemavyo "zilisikika risasi tatu". Katika mazungumzo hakuna madhara. Katika ripoti ya polisi madhara yapo, kwani mtu aliyekutwa na risasi tatu na mtu aliyekutwa na maganda matatu hawako katika hali moja mbele ya sheria.

Tunapendekeza basi "risasi" libaki kuwa jina la kitu kizima, na sehemu zake zitajwe hivi: "kichwa cha risasi" ni kile kinachoruka, "ganda" ni kikopo cha shaba nyeupe au chuma kinachobaki, "baruti" ni unga unaowaka ndani ya ganda, na "fataki" ni kile kidude cha kitakoni kinachogongwa na kuiwasha baruti. Maneno yote haya yamo vinywani mwa watu tangu zamani, na hapana haja ya kuunda mengine.

Kuhusu vipimo, mfasiri asipunguze tarakimu. Kuna risasi za 9×17, 9×18 na 9×19, na zote huitwa za milimita 9. Tarakimu ya pili ni urefu wa ganda kwa milimita, na risasi hizo hazibadilishani nafasi. Anayeandika "risasi za milimita 9" na kuishia hapo amemnyima fundi habari aliyoihitaji kuliko zote.

Sehemu za bastola

Mtutu, au kasiba kama wasemavyo wengine, ni neno lililokwisha kukubalika, na tundu lake la mbele ni "mdomo wa mtutu". Sehemu ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa ikingoja kufyatuliwa huitwa na wengi "chemba". Wapo wasioridhika na neno hili kwa kuwa mijini chemba ni shimo la maji machafu. Sisi tunaona muktadha unatosha kuondoa utata huo, ila katika maandishi ya mafunzo ni vyema kuandika "chemba ya risasi" mara ya kwanza.

"Magazini" ni kile kisanduku chembamba kinachopachikwa ndani ya mpini, chenye springi inayozisukuma risasi juu. Kipande cha juu kinachoteleza kwenda nyuma na kurudi mbele kila bastola inapofyatuliwa hakijapata jina lililoenea. Tunapendekeza "kitelezo", kwa kufuata umbo la kizibo na kifuniko. Springi inayokirudisha mbele ni "springi ya kurudisha". Ndoano ndogo inayolishika ganda na kulitoa chembani ni "kulabu ya ganda". Na kile kidole kinacholigonga ganda ili liruke nje ni "kidole cha kutupia". Kinachovutwa kwa kidole cha shahada ni "kifyatulio", ingawa mafundi wengi husema triga.

Kuzoesha bastola mpya

Hapa ndipo wafasiri wengi hujikwaa. Kiingereza hutumia kitenzi cha kuvunja, kama inavyosemwa juu ya farasi anayefundishwa kupandwa. Kusema "kuvunja bastola" kwa Kiswahili ni kumwambia askari aiharibu mali ya serikali. Dhana yenyewe ni ya kuzoesha: vyuma vipya vinavyosuguana huanza kulainishana, na springi ngumu hulegea kiasi hadi kufikia nguvu yake ya kawaida. Tunapendekeza kitenzi "kuzoesha" na nomino "uzoeshaji".

Kwa nini bastola ndogo ihitaji uzoeshaji kuliko kubwa? Sababu ni ya ufundi. Katika bastola ndogo kitelezo ni kifupi na chepesi, na safari yake kwenda nyuma ni fupi pia, ilhali risasi ni ile ile yenye nguvu ya 9×19. Ili kuizuia nguvu hiyo, mtengenezaji hana budi kuweka springi ngumu. Kitelezo basi huenda na kurudi kwa kasi, na magazini hupata muda mchache wa kuinyanyua risasi ifuatayo. Katika chombo cha namna hii msuguano mdogo wa upya, ambao bastola kubwa isingeuhisi, hutosha kuiharibu kazi.

Watengenezaji hawasemi mamoja juu ya jambo hili. Wapo wanaodai kwamba bastola yao iko tayari tangu inapotoka kiwandani, na wapo wanaotaja idadi. Kampuni ya Kahr ya Marekani, mathalani, imeandika katika kijitabu chake kwamba bastola isihesabiwe kuwa ya kuaminika kabla ya kupigwa risasi 200. Mfasiri asiitafsiri idadi hiyo kama ushauri wa hiari iwapo mwandishi aliiweka kama sharti. Tofauti ya "inafaa" na "sharti" ni ya mwandishi, si ya mfasiri.

Uzoeshaji una hatua tatu. Kwanza, kuyafuta mafuta mazito ya kiwandani, ambayo kazi yake ni kuzuia kutu wakati wa safari, na kutia mafuta mepesi kidogo mahali vyuma vinaposuguana. Pili, kupiga risasi za kawaida zenye nguvu kamili, kwa sababu risasi dhaifu hazikisukumi nyuma barabara kitelezo ambacho springi yake ni ngali ngumu. Tatu, kusafisha, kukagua, na kuandika kila hitilafu iliyotokea.

Kazi ya bastola na hitilafu zake

Neno "kukwama" hutumiwa kwa hitilafu zote, na katika ripoti nyingi husomwa "bastola ilikwama" bila ya zaidi. Ripoti ya namna hiyo haimsaidii fundi wala mpelelezi. Ili kuzipambanua hitilafu, yafaa kuifuata kazi ya bastola hatua kwa hatua: risasi hupandishwa kutoka magazini, huingia chembani, kitelezo hufunga, fataki hugongwa, kitelezo hufunguka, ganda huvutwa, ganda hutupwa nje, na bastola hujikoki upya. Kila hatua ina hitilafu yake.

Risasi ikigonga mlango wa chemba isiingie, tuseme "risasi imekwama mlangoni". Mara nyingi sababu ni magazini isiyopachikwa hadi mwisho, au springi yake. Risasi ikiingia lakini kitelezo kikabaki nyuma kidogo, tuseme "kitelezo hakikufunga". Hapa hushukiwa uchafu, mafuta mazito, au msuguano wa upya. Ganda lisipotoka chembani, "ganda halikuvutwa". Ichunguzwe kulabu na usafi wa chemba. Ganda likitoka chembani lakini likabanwa na kitelezo, likisimama kama dohani juu ya paa, "ganda halikutupwa". Hitilafu hii ya mwisho mara nyingi haitokani na bastola bali na mkono: mpigaji akilegeza kifundo, mpini hurudi nyuma pamoja na kitelezo, nacho hakipati kitu imara cha kukitegemea ili kikamilishe safari yake.

Zipo hitilafu tatu za risasi yenyewe ambazo kuzichanganya ni hatari. Risasi "iliyogoma" ni ile iliyogongwa isiwake kabisa. "Iliyochelewa" ni ile inayowaka baada ya kitambo. Kwa kuwa mpigaji hawezi kuzitofautisha papo hapo, mafunzo ya uwanjani humtaka aelekeze mtutu mahali salama na kungoja, kwa kawaida sekunde 30, kabla ya kufungua. Ya tatu ni "iliyofifia": imewaka kwa udhaifu, mlio wake ni hafifu, na kichwa cha risasi chaweza kuwa kimesimama ndani ya mtutu. Hapo mpigaji aache kupiga kabisa, aiondoe magazini na kuifungua bastola, na mtutu ukaguliwe na mjuzi kabla ya risasi nyingine. Kwani risasi inayofuata ikikuta mtutu umezibwa, waweza kupasuka. Mwalimu anayeziita zote tatu "risasi mbovu" amewapa wanafunzi wake neno moja kwa mambo matatu tofauti.

Kutafuta sababu

Sababu ya hitilafu yaweza kuwa katika vitu vinne: bastola, magazini, risasi, au mpigaji. Kanuni ni kubadili kimoja tu kwa wakati mmoja. Magazini zitiwe namba. Hitilafu ikiandamana na namba moja, bastola haina hatia. Ikiandamana na aina moja ya risasi, ijaribiwe nyingine. Risasi za 9×19 huwa na vichwa vya uzito wa gramu 7.5, 8 au 9.5 hivi, na bastola ndogo yaweza kuikubali aina moja na kuikataa nyingine. Asiyekuwa na hitilafu akiichukua bastola ile ile, yamkini tatizo ni la mshiko wa mwenzake. Ikiwa hitilafu hubaki ile ile baada ya hayo yote na baada ya uzoeshaji kukamilika, bastola irudishwe kwa fundi mwenye idhini. Kupiga tupa na kukata springi si kuzoesha.

Neno la tahadhari: "kutoa risasi"

Tumeacha mwisho jambo lililo zito kuliko yote. Kitenzi cha kutia risasi tulichorithi kutoka enzi za gobori ni "kushindilia", nacho hakifai hapa kwa kuwa hapana kinachoshindiliwa, "kupakia" chatosha. Lakini kinyume chake, "kutoa risasi", kina utata wa kutisha. Mmoja huelewa kuiondoa risasi kwa mkono. Mwingine huelewa kuifyatua. Katika amri za uwanjani maana hizo mbili hazipaswi kukaa katika neno moja. Tunapendekeza "kupakua" kwa kuondoa na "kufyatua" kwa kupiga, na "kutoa risasi" kiachwe kabisa.

Vilevile, "bastola tupu" si sawa na "magazini tupu", wala si sawa na "bastola isiyo na magazini". Magazini ikiisha kuondolewa, risasi moja yaweza kuwa imebaki chembani, na bastola nyingi zitaifyatua. Kwa sababu hiyo mpangilio wa hatua ni sehemu ya maana: kwanza elekeza mtutu mahali salama na uondoe kidole katika kifyatulio; pili ondoa magazini; tatu vuta kitelezo; nne tazama chemba na uipapase kwa kidole. Anayeigeuza ya pili na ya tatu huitupa nje risasi moja na kupandisha nyingine chembani, kisha huondoa magazini akiamini kwamba amesalimika. Mfasiri anayependa kubadili mpangilio wa sentensi ili lugha ipendeze, hapa ajizuie. Aandike hatua kwa namba, kila hatua kwa sentensi yake, na aepuke "kabla ya" pale panapotosha "kisha".

Wasomaji wetu walio ghalani, mahakamani na vyuoni huenda wanayo maneno mengine wanayoyatumia kila siku, hasa kwa kitelezo na kidole cha kutupia. Tungependa kuyapokea pamoja na maelezo ya mahali yanapotumika, ili istilahi zitakazosanifiwa ziwe zile ambazo askari ataielewa amri yake kwazo bila ya kuuliza mara ya pili.