Je, Wajua? Chumba Kimoja cha Juani na Kiyoyozi cha Dirishani

Je, wajua kuwa kiyoyozi cha kwanza cha kisasa hakikubuniwa kwa ajili ya mtu anayetokwa jasho? Mwaka 1902 mhandisi kijana wa Marekani, Willis Carrier, aliitwa na kiwanda cha uchapaji cha Sackett & Wilhelms, Brooklyn. Karatasi zilikuwa zikinywa unyevu hewani na kutanuka, na rangi zikawa hazikai mahali pake. Carrier alikuwa akiufukuza unyevu, na ubaridi ulikuja kama nyongeza. Mkazi wa Juani, kisiwa kinachotazamana na Mafia kubwa kupitia Ghuba ya Chole, hahitaji kuelezwa zaidi. Kaskazi ikishika, kuanzia Desemba hadi Machi, kipimajoto hakipandi sana kupita nyuzi 32. Kinachomgeuzageuza mtu kitandani ni fukuto.

Hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Kiyoyozi hukausha hewa pale inapopita juu ya mabomba yake ya baridi kwa muda mrefu, unyevu ukageuka matone na kuchuruzika nje. Ukifunga mashine kubwa katika chumba kidogo, inafikia nyuzi ulizoitegea ndani ya dakika chache, inajizima, kisha inawaka tena. Ubaridi unaupata, ila shuka zinabaki na ule ubichi. Mashine ndogo inayofanya kazi mfululizo hukausha vizuri zaidi na hula umeme kidogo zaidi.

Ndogo kiasi gani? Nguvu ya kupoza huhesabiwa kwa BTU. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinatosheka na BTU 5,000 hadi 6,000. Kikiwa kivulini punguza asilimia 10, kikipigwa jua mchana kutwa ongeza asilimia 10, na kwa kila mtu anayezidi wawili ongeza BTU 600. Baba, mama na watoto watatu chumba kimoja, hapo unakaribia 7,000. Dukani utaonyeshwa kwanza ile ya 9,000, inayoitwa ya hospawa moja, kwa sababu ndiyo iliyojaa stoo. Ya dirishani ina faida kwamba hutengenezwa hata ya 5,000.

Je, wajua kuwa fundi anaposema kiyoyozi cha tani moja hazungumzii uzito wa mashine? Ni barafu. BTU 12,000 kwa saa ni kiasi cha joto kinachoweza kuyeyusha tani moja ya Kimarekani ya barafu, kama kilo 907, kwa siku nzima. Kipimo hicho kilibaki kutoka enzi ambazo majengo yalipozwa kwa barafu hasa.

Vyumba vidogo kama hicho cha mita 3 kwa 4 si vigeni pwani. Nyumba za mawe za Waswahili zilikuwa na vyumba virefu vyembamba, upana wa mita mbili na nusu au tatu hivi, kwa kuwa paa lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina mwisho wake. Delta ya Rufiji, ng'ambo ya Mafia, ilipeleka boriti hizo kwa majahazi hadi Uarabuni, na vyumba vya kule navyo vikafuata urefu wa mti uleule. Juani yenyewe ina magofu ya Kua, mji wa mawe ya matumbawe na chokaa ulioangamizwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Ukuta mnene wa matumbawe huchelewesha joto la mchana, na chokaa nyeupe hulirudisha jua lilikotoka.

Kua ina simulizi nyingine inayohusu chumba, na haipendezi kusimuliwa usiku. Inasemekana watu wa Kisimani Mafia waliwadhulumu watoto wa Kua. Miaka ikapita, watu wa Kua wakawaalika harusini, wakawaandalia chumba cha chini, wakatoka mmojammoja kwa hila, mlango ukajengwa kwa mawe wageni wakiwa ndani. Naitaja kwa sababu kiyoyozi kinataka chumba kifungwe, na karibu viyoyozi vyote vya dirishani huzungusha hewa ileile ya ndani. Jiko la mkaa lisiingie humo hata likiwa limebaki majivu ya moto. Gesi yake haina harufu, na inaua.

Kufunga chumba ndiko kunakoigombanisha mashine hii na paa la makuti. Makuti yanapoza kwa kupumua, na kiyoyozi chini yake kinapoza anga. Bati bila dari ni balaa la upande mwingine, maana joto linashuka juu ya vichwa mpaka usiku. Fedha ya kwanza iende kwenye dari na kuziba mianya, ndipo mashine ifuate.

Sasa umeme. Gawanya BTU kwa wati zilizoandikwa kwenye kibandiko. Ya BTU 5,000 inayokula wati 500 inapata 10, alama ya kawaida tu. Zile za inveta, ambazo hupunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka, bora zake hufika 15. Kenya inavitaka viyoyozi viwe na kibandiko cha nyota, moja hadi tano, hivyo mashine iliyopitia Mombasa inaweza kukurahisishia hesabu.

Tofauti ya 10 na 15 inaonekana ndogo hadi uilipie. Saa 8 za usiku kwa wati 500 ni uniti 4 za LUKU, ikiwa mashine haipumziki. Kwa anayetegemea paneli za jua hali ni ngumu zaidi, kwani jua limelala na kila uniti inatoka kwenye betri. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100, ukiitumia nusu ili isife mapema, inatoa uniti 0.6. Utahitaji saba. Kwa mashine ya 15, tano. Feni ya wati 50 inamaliza usiku mzima kwa uniti 0.4, betri moja tu, nami kwa miezi ya kusi sioni kwa nini mtu awashe kitu kingine.

Uliza pia gesi ya kupozea iliyomo ndani ya mashine. Mwaka 2016, mjini Kigali, mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za viyoyozi zinazopasha dunia joto. Kati ya gesi hizo, R-32 hupasha dunia joto kama theluthi moja tu ya R-410A.

Ukishafunga, usishtuke kusikia maji yakichapachapa nyuma. Mashine nyingi za dirishani huyarusha maji hayo kwa feni juu ya mabomba ya moto ili yapoe, na kutoboa tundu la kuyamwaga ni kujipunguzia ufanisi. Adui wa kweli ni chumvi ya bahari, inayokula mapezi ya alumini. Tafuta yaliyopakwa kinga, na kila baada ya wiki chache chomoa waya, uyaoshe kwa maji baridi.