Ufunguo wa Maandishi ya Fumbo na Mahali pa Kuuweka

Katika Kiswahili neno ufunguo limetokana na kitenzi kufungua, wala si kufunga, ingawa chombo chenyewe hufanya kazi zote mbili. Jambo hili lafaa kuzingatiwa na kila mtafiti anayehifadhi katika kompyuta majina ya wasimulizi wake na maneno aliyoambiwa kwa amana. Maandishi yakisha kufumbwa, yaani kugeuzwa yasisomeke ila kwa ufunguo, asiye nao hawezi kuyafumbua, hata akiwa ndiye mwenyewe.

Kanuni kuu ya jambo hili ilielezwa na mtaalamu wa lugha. Auguste Kerckhoffs, mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha lugha mjini Paris, aliandika mwaka 1883 kwamba njia ya kufumba isitegemee kufichwa kwake; hata ikiangukia mikononi mwa adui, isilete madhara. Siri yote, basi, imo katika ufunguo. Hata njia ya AES, iliyoidhinishwa na serikali ya Marekani mwaka 2001, imechapishwa wazi.

Kutokana na hayo lafuata la kwanza: ufunguo usikae pamoja na data. Wako wauandikao ndani ya programu yenyewe, au katika faili iliyo kando ya hifadhidata. Aibaye nakala ya kompyuta hiyo huwa ameiba kasha pamoja na ufunguo wake.

La pili, funguo ziwe za daraja mbili. Ule wa chini hufumba data. Ule wa juu hufumba ule wa chini, nao huwekwa katika chombo maalumu kifumbuacho ndani yake, wala hakiutoi nje. Ukibadilishwa, hapana haja ya kufumba upya data yote. Lakini chombo hicho hakimzuii aliyekwisha kuiingilia programu yenye idhini. Kwa hiyo hapana budi kila ombi la kufumbua liwekwe katika kumbukumbu, nazo zikaguliwe.

La tatu ni kupotea kwa ufunguo, mwenye nao akifa au akihama. Mwaka 1979 Adi Shamir alionyesha jinsi ya kuugawa: watu watano wapewe sehemu moja moja, watatu wowote wakikutana waupate mzima, na wawili wasipate hata dalili yake.

Msimulizi aliyetoa maneno yake kwa sharti la kutotajwa anadai mambo mawili: jina lake lisivuje, na maneno yake yasipotee. Mtafiti atimizaye moja tu hajailinda amana.