Stima Ikihepa, Ngoma Ibaki

Ilikuwa Ijumaa, kajoint flani kando ya Ngong Road, na mbogi ya mabeshte zangu ilikuwa imefika ngoma ya tatu. Hawa wasee hupiga roki ya kupasua masikio: gitaa mbili zinanguruma ka nganya imekwama kwa matope, besi inakugonga kifua, na morio wa dramu anachapa ni ka hizo dramu zilimkopa doo zikahama mtaa. Alafu, pwaa. Stima ikahepa. Kitu ilibaki ikiskika ni dramu pekee, na hata yeye alichapa mbili tatu akaona anajiaibisha, akaacha.

Si unajua Nairobi. Hakuna mtu alishtuka. Tochi za simu zikawaka, mtu akaitisha jenereta, mwenye joint akasema jenereta iko, mafuta ndo haiko. Tukiwa bado tunamcheka, vokalisti akapanda kiti, akatoa gitaa kavu yenye ilikuwa imetundikwa kwa ukuta ka pambo, nyuzi tano badala ya sita, akaipangusa vumbi na tishati. Akarudia ile ngoma stima ilikuwa imekata. Polepole, bila maiki.

Manze, hapo ndo nilijiskia fala. Hio ngoma nimeimba nayo miaka mbili nikirusha kichwa, na nilikuwa nimeshikilia ni ya kuachwa na dem. Kumbe ni ya kibanda ya mathe wake, venye tingatinga iliikujia asubuhi chai ikiwa bado kwa jiko. Maneno zilikuwa hapo siku zote, na mimi nilikuwa hapo nazo, karibu na spika.

Kabla uniite mlaini, wacha nikuchanulie venye kelele hufanya kazi, juu distoshoni si ujinga. Ukisukuma ampu hadi ishindwe, sauti inakatwa kwa kichwa na kwa miguu, inakuwa nene, na noti moja inaeza kaa hewani masekunde. Ndo maana wasee wa roki hupenda kodi za noti mbili (si ile ya landlodi, tulia): noti ya msingi na ya tano yake. Ile ya tatu, yenye huambia masikio ka ngoma imefurahi ama imenuna, wanairuka, juu ikipitia kwa distoshoni inaleta uchafu. Sasa peleka hio kodi ya noti mbili kwa gitaa kavu. Inaskika ka keja watu wamehama. Noti inadedi hata kabla vidole zifike kwa ingine. Inabidi utafute ile ya tatu uirudishe, na ukiirudisha unaeza pata ngoma yako ilikuwa na huzuni hata we mwenye uliitunga hukuwa umeisoma.

Na si ati nasifia ile ingine ya dem na kinanda kidogo anageuza ngoma ya Metallica ikuwe ya kulaza watoi. Hio ni usingizi imevaa kofia.

Nilifika keja saa saba usiku nikafungulia shoo yenye kila mtu wa roki hukutajia ukigusa hii maneno: Nirvana, MTV Unplugged. 18 Novemba 1993, studio za Sony, New York. Hio programu ilikuwa imeanza 1989, na kufikia hapo ilikuwa na mazoea yake. Unakuja, unakalia stuli, unapiga hiti zako polepole, watu wanakupigia makofi, unaenda home umeomoka. Eric Clapton alifanya hivo 1992 na ikatoka albamu yenye imeuza kushinda zingine zake zote.

Kurt Cobain, vokalisti wa Nirvana, alikataa huo mchezo. Smells Like Teen Spirit hakuigusa kabisa. Kati ya ngoma 14, sita zilikuwa za watu wengine. MTV walikuwa wanangoja aitishe mastaa wakubwa kwa steji, yeye akaleta ndugu wawili wa Meat Puppets, bendi yenye haikuwa kwa midomo ya watu wengi, akapiga nao ngoma zao tatu mfululizo. Hebu fikiria ukipewa dakika chache za runinga ya dunia nzima alafu unazitumia kutangazia watu maboyz wa mtaa ingine.

Steji yenyewe aliitisha ijazwe maua ya lili na mishumaa nyeusi. Prodyusa akamuuliza ka anataka ikae ka mazishi, akajibu ndio. Aprili 1994 akawa ameenda, na albamu ya hio shoo ikatoka Novemba ya huo huo mwaka. Basi kila mtu husimulia hio stori ka unabii. Mimi huwa sishikani na hio. Msee alipenda lili.

Chenye hunibamba ni vitu ndogo ndogo. Cheki Dave Grohl kwa dramu. Huyo ni jamaa wa kupiga hadi ukuta inasikia uchungu, na prodyusa akaona atameza bendi yote, akamletea brashi na fimbo nyepesi. Vile amekunja mabega, anagusa vyuma kwa kuogopa, unaeza dhani ni mtoi ametumwa kwa ile kabati ya vyombo za wageni na mathe amesimama nyuma yake. Pembeni kuna Lori Goldston na chelo, anapita chini ya gitaa ka moshi ya jiko. Pat Smear naye amekaa hapo anatabasamu, gitaa yake imejaa rangi.

Alafu skiza vizuri ile ngoma ya David Bowie, The Man Who Sold the World. Hio gitaa si kavu! Inakwaruza, ina uchafu flani. Iko hivi: Cobain alikuwa ameweka pikapu kwa hio Martin yake ya 1959, ikaingia kwa ampu yake ya kawaida, na watu wa runinga wakajengea hio ampu kisanduku ikae ni ka spika tu ya steji. Kwa hivyo shoo yenye tunaheshimu zaidi kwa kutoa waya ilikuwa na waya imefichwa. Beshte yangu wa gitaa akijua hii alikasirika siku nzima, ati ameuziwa mbuzi kwa gunia. Mimi nilicheka. Cobain alitaka kuvua nguo, lakini akabaki na soksi. Nani hajawahi?

Mwisho ndo alipiga ile ngoma ya zamani yenye Lead Belly alikuwa anaimba. Inaanza chini, anapanda, sauti inachanika, na kabla ya neno za mwisho anasimama. Anafungua macho, anavuta pumzi, ni ka ameamka akajipata mbele za watu. Alafu anamaliza. Walimwomba aongeze ingine, akakataa, juu hakuona ka ataeza kupita hapo. Hapo kwa pumzi huwa narudisha nyuma kila saa. Ukiweka ampu mbili hapo hio pumzi huiskii.

Ganji ilikuja baadaye, na si kwake. Ile sweta ya kijani alivaa, iko na mashimo za sigara, kifungo moja imepotea, haijafuliwa, iliuzwa kwa mnada 2019 kwa dola 334,000. Pale Gikomba sweta ka hio unabeba na soo mbili, na unaeza chagua. Gitaa yenyewe ilienda Juni 2020 kwa dola 6,010,000.

Lakini ukiniuliza ni Unplugged gani ilinipasua zaidi, ni ya Alice in Chains, 10 Aprili 1996, pale Brooklyn. Hawa walikuwa wazito kushinda Nirvana, gitaa zao zinaburuta ka mnyororo kwa simiti. Bendi ilikuwa imekaa zaidi ya miaka miwili bila shoo, na vokalisti wao, Layne Staley, dawa zimemkula. Anatoka na nywele za pinki na miwani, amekonda hadi unaogopa. Kwa ngoma ya Sludge Factory anakosea maneno, wanaanza tena. Jerry Cantrell wa gitaa naye tumbo ilikuwa inamsumbua, ati hotidogi flani ilimgeuka. Msee wa besi, Mike Inez, ameandika kwa gitaa yake kimaneno cha kuwadiss Metallica venye walikuwa wamekata nywele, na hao Metallica wenyewe wako kwa ukumbi wanaangalia. Kicheko na matanga kwa chumba moja.

Na hizo ngoma hazikushuka hata kidogo. Juu hii bendi ilikuwa na siri: Layne na Jerry waliimba pamoja, sauti mbili zinasuguana kwa karibu sana, na hio ndo ilikuwa uzito yao miaka yote. Tulikuwa tunadhani ni ampu. Ukitoa ampu, uzito inabaki pale pale kwa koo mbili. Layne alidedi 5 Aprili 2002, tarehe ile ile ya Cobain, miaka nane baadaye.

Kuna wenye hii kitu iliwafaidi bila drama mob. Kiss walikaa kwa stuli 1995, bila fataki, bila rangi za uso, wakaita wale wazee wao wawili walikuwa wameachana nao, na mwaka uliofuata mbogi ya kwanza ikarudi barabarani na rangi zote. Grohl naye, yule wa brashi, alikuja kupiga ngoma yake Everlong peke yake na gitaa moja kwa redio 1998, na siku hizi kuna watu wanajua hio ya redio kuliko ile ya makelele.

Alafu kuna ngoma haziezani. Duma, wale wawili wa Nairobi walitoa albamu 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ukitoa stima hapo unabaki na msee anapiga nduru kwa giza. Na si matusi. Hio kelele ndo ngoma yenyewe.

Sisi huku tungepaswa kuielewa hii mapema, juu kwetu kavu ndo ilitangulia. George Mukabi alikuwa anachapa mtindo wa omutibo na gitaa moja, kidole gumba kinashika besi, vingine vinaimba, na msee pembeni anakwaruza chupa ya Fanta. Alidedi 1963. Guka wa mtu akiskia ati wazungu wamevumbua kuchomoa waya, atauliza waliichomeka ya nini.

Turudi Ngong Road. Vokalisti alipiga ngoma nne hivo kavu. Morio wa dramu akageuza kreti ya bia, akawa anaigonga na vidole. Ila wa besi hakuwa na la kufanya, juu gitaa ya besi bila stima ni ubao tu na nyuzi. Alisimama hapo saa nzima amemmulikia mwenzake na simu, mkono juu ka sanamu. Stima ilirudi saa tano kasoro, spika zikapiga kelele, watu wakashangilia. Yeye akaangalia simu yake. Ilikuwa imebaki asilimia nne.