Master ya uhandisi: uliza luga kwanza

Kijana aliyemaliza uhandisi hapa Goma, ku ULPGL kwa mfano, mara nyingi anavutwa na jina la chuo. Afazali aulize luga kwanza. Carnegie Mellon iko Kigali tangu 2011, karibu kabisa, lakini inafundisha kwa Kingereza. Aliyesoma miaka yote kwa Kifaransa atahitaji miezi ya kujiandaa. 2iE ya Ouagadougou, yenye kujulikana kwa maji na nishati, inafundisha kwa Kifaransa, ila ni mbali.

Feza nazo? Banki za Goma zilifungwa Januari 2025. Chuo kikidai malipo ya kuandikisha jina, tafuta mapema ndugu wa kukulipia toka ngambo, Gisenyi kwa mfano. Releve za alama pia, ziombe mbele ya tarehe kukaribia.