Baiskeli Mbili Kuukuu, Moja ya Mizigo

Mmewaona wale wabeba mkaa wanaoingia Dar es Salaam alfajiri, magunia yamefungwa kwenye keria hadi mwenye baiskeli haonekani kwa nyuma? Wakifika mlimani wanashuka, wanasukuma. Nguvu wanazo, tena nyingi. Tatizo ni pale mzigo ulipokaa: juu, tena nyuma, kwa hiyo gurudumu la mbele linakosa uzito na baiskeli inataka kunyanyuka. Leo, wanangu, nawasimulia namna nyingine ya kuubeba.

Miaka ya 1920, huko Denmark, mafundi waliigeuza hesabu. Waliirefusha baiskeli kwa mbele, wakalipeleka gurudumu mbali na mwendeshaji, na hapo katikati wakaweka jukwaa la mzigo, chini karibu na ardhi. Ikaitwa Long John, na mpaka leo inapita mitaa ya Copenhagen. Ya dukani ni ghali mno. Ya kuunda nyumbani inataka baiskeli mbili kuukuu, mabomba ya chuma na fundi wa kuchomelea.

Moja iwe ya mtu mzima. Ile nyeusi ya kizamani inafaa sana. Nyingine iwe ya mtoto, gurudumu la inchi 20. Kabla hujatoa hela, gusisha sumaku kwenye fremu zote mbili. Ikinasa, ni chuma. Isiponasa, huenda ni alumini, na mashine ya kawaida ya mtaani haiiwezi. Iache hapo hapo.

Kwenye ile ndogo tunachukua sehemu ya mbele tu: gurudumu, uma wake na kile kibomba kinachoshika uma. Ile kubwa tunaivua gurudumu la mbele na kukata miguu ya uma, ila shingo ya uma inabaki, izunguke na usukani kama kawaida. Kisha bomba refu linatoka chini penye pedali hadi kwenye kibomba cha ile ndogo. Mimi ningeongeza la pili, lishuke kutoka mbele ya fremu kubwa kuja kulishikilia lile la kwanza. Bomba likiwa la maji, lenye zinki, fundi aiparuze zinki kabla ya kuchomelea, maana moshi wake ni sumu. Nanyi mnaochungulia, msiutazame ule mwanga kwa macho matupu. Usiku mtalia kama mliomwagiwa mchanga.

Fundi asichomelee moja kwa moja. Apige nukta mbili tatu, kisha mfunge uzi upite ubavuni mwa tairi la nyuma hadi la mbele, kulia na kushoto. Nafasi kati ya uzi na tairi la mbele iwe sawa pande zote mbili. Isipokuwa sawa, nukta zinavunjwa, mnaanza upya. Hapa msifanye haraka.

Sasa usukani, ndipo utamu ulipo. Mikono yako iko huku, gurudumu liko kule mbele. Unalitumaje? Chini ya shingo ya uma wa ile kubwa unachomelea kipande kifupi cha chuma, na kwenye uma mdogo kingine cha urefu uleule. Ufito wa chuma unaviunganisha, ukipita chini ya jukwaa, na ncha zake ni za tairodi ya gari bovu, zinazocheza bila kulegea. Vipande vyote viwili vielekee upande mmoja. Kimoja kikitazama kulia na kingine kushoto, utakata kona ya kulia na baiskeli itakupeleka mtaroni kushoto.

Breki ya nyuma peke yake haitoshi. Fungeni na ya mbele. Na mzigo wa kwanza wa kujaribia uwe ndoo ya maji, si mdogo wako.