Maumivu ya Kisigino: Kamba Inayochakaa



Katika safari yetu ya bara tulilala Babati, mji mkuu wa Mkoa wa Manyara, chini ya mlima Kwaraa. Nchi ile ni ya wakimbiaji. Mbulu, jirani yake, ndiko alikotoka Bwana John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico City mwaka 1968 hali goti lake limejeruhiwa. Alfajiri tuliwaona vijana wakikimbia, na mmoja wao akichechemea, nyuma ya kisigino chake pamevimba kama tende. Alisema ana miezi minane na atavumilia tu. Tuliwakumbuka wachumaji wetu, ambao kila msimu wako wanaoumwa mahali papo hapo, nao huambiwa wajichue kwa mafuta.

Mahali hapo pana kano, mshipa mgumu unaounga shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Ndiyo kano nene kuliko zote mwilini. Mfano wake ni kamba ya makumbi iliyosukwa vyema: nyuzi zimelala sambamba, na baina yake mna chembe hai chache zinazozitunza.

Wengi hudhani kuwa maumivu ya muda mrefu ni uvimbe wa moto, kama wa jipu. Wataalamu waliozitazama kano hizo kwa hadubini wameona mengine. Nyuzi zimepoteza mpango wake, na nyingine zimekatika. Mahali pake zimeota nyuzi nyembamba zisizo na nguvu ile. Chembe hai zimeongezeka na kuwa za mviringo. Ute unaovuta maji umezidi, ndiyo maana kano hunenepa. Mishipa midogo ya damu na ya fahamu imeingia mahali ambapo haikuwapo. Basi unene ule si nguvu, ni kuchakaa.

Mwaka 1991 mabwana Kannus na Józsa walieleza uchunguzi wao wa kano 891 za viungo mbalimbali zilizokatika zenyewe. Katika kila 100, 97 zilikuwa na alama za kuchakaa. Na mwaka 2013 wataalamu wa Denmark, kwa kufuata alama iliyoachwa hewani na mabomu ya atomiki ya miaka ya 1955 hadi 1963, waliona kuwa kiini cha kano ya kisigino karibu hakifanywi upya baada ya umri wa miaka 17 hivi. Kamba tuliyopewa ujanani ndiyo tutakayozeeka nayo.

Je, dawa yake ni kulala msimu mzima? La. Kano isiyofanya kazi huzidi kudhoofika. Mwaka 1998 Daktari Alfredson wa Sweden alieleza zoezi hili: simama ukingoni mwa ngazi kwa vidole, kisha shusha kisigino polepole, mara 15, mafungu matatu, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Wengi hupata nafuu. Lakini anayeumwa pale chini kabisa, kano inaposhika mfupa, asishushe kisigino kupita usawa wa kidato.

Yako mambo ya kuhadhari. Sindano za steroidi zikichomwa ndani ya kano zaweza kuidhoofisha. Dawa ya siprofloksasini nayo yaweza kuidhuru. Mwenye maumivu haya amwambie daktari kabla ya kuandikiwa. Na mtu akisikia mlio wa ghafla, kama aliyepigwa fimbo nyuma ya mguu, kisha asiweze kusimama kwa vidole, asichuliwe: apelekwe hospitali siku ile ile.

Uvumilivu wa Bwana Akhwari ni fahari ya nchi, lakini ulikuwa wa mbio moja. Mchumaji hupanda kila siku hadi msimu uishe. Basi twawaomba wanachama: mchumaji akisema kisigino chamuuma, asifukuzwe wala asilazimishwe kupanda. Apewe kazi ya kuchambua au kuanika, afanye zoezi lake, naye arudi mtini kidogo kidogo. Mkarafuu hauchumwi na mwenye shamba peke yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie afya na mavuno mema.

Katibu