Kwa nini paka wa milia huzaa mtoto mweusi?

Paka jike wa milia amezaa watoto wanne. Watatu wamefanana naye, wa nne ni mweusi tii. Kolo, kama kwingineko, hakosekani wa kusema huo ni mkosi, na mtoto huyo akaishia kutupwa porini.

Sababu haiko kwa mchawi. Iko kwenye vinasaba, yaani maagizo ya mwili ambayo mtoto huyarithi kwa wazazi. Paka hupata nakala mbili: moja ya mama, moja ya baba. Nakala ya milia ina nguvu, ya weusi hujificha. Paka mwenye moja ya kila aina utamwona wa milia, kumbe weusi anao ndani. Wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuzaliwa mweusi.

Mabaka nayo hufuata njia hiyo. Mfano wa karibu ni Sokoke, aina ya paka iliyotokana na paka wa msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, ambao Wagiriama huwaita khadzonzo. Mwaka 1978 Jeni Slater alianza kuwafuga, na mwaka 1984 baadhi wakapelekwa Denmark. Ubavuni wana mabaka mapana yanayojizungusha, si milia myembamba.

Mwaka 2012 watafiti walitangaza kinasaba kinachohusika na mabaka ya namna hiyo, kiitwacho Taqpep. Mabadiliko katika kinasaba hichohicho humpa duma mfalme wa kusini mwa Afrika mabaka badala ya madoa. Hapo pia, lazima nakala zote mbili ziwe za mabaka.

Rangi ya chungwa ina njia yake. Kinasaba chake kiko kwenye kromosomu X. Jike anazo mbili, dume moja. Ndiyo maana paka mwenye nyeusi na chungwa kwa pamoja karibu kila mara ni jike.

Kwa hiyo, msikilizaji, mahindi na mtama vikishaingia ghalani, panya hawaulizi rangi ya paka. Na kabla hujamtupa yule mweusi, kumbuka kwamba nusu ya weusi wake kapewa na mama yake wa milia, yuleyule unayemsifu kwa kukulindia chakula.